iPhone au Android: ipi rahisi kwa muuzaji wa mtandaoni? Hesabu hatua, usihesabu sifa



Leo tujibu swali ambalo naulizwa dukani karibu kila wiki: "Nimepata hela kidogo, nichukue iPhone iliyotumika au Android mpya? Ipi rahisi kutumia?"

Mimi nina duka dogo la kava, chaja na vifaa vya simu hapa senta ya Mtera, na pembeni nauza samaki wakavu wa bwawani kwa oda za WhatsApp. Wateja wako Dodoma, Iringa na Dar, mzigo unapanda basi. Sijasomea mambo ya simu. Niliishia fomu four, mengine nimejifunzia hapo kaunta kwa kushika simu za watu. Kwa hiyo nitaongea kikaunta.

Watu wakibishana iPhone na Android wanabishana kamera, jina na heshima. Muuzaji hesabu yake ni nyingine. Kazi yako ni mteja aulize, ujibu, alipe, mzigo uondoke. Simu rahisi kwako ni ile yenye hatua chache kati ya swali la mteja na hela kuingia. Basi. Tuzipitishe zote mbili kwenye kazi hiyo, moja baada ya nyingine.

KWANZA, KWA NINI ZINATOFAUTIANA

iPhone ilianza kuuzwa 2007. Simu ya kwanza ya Android ikafuata 2008. Apple wanatengeneza simu wenyewe na mfumo wake wenyewe, hawampi mtu. Android ni ya Google, na makampuni mengi yanaitumia: Samsung, Tecno, Infinix, itel, Xiaomi na wengine. Kila mmoja anaongeza vikorombwezo vyake.

Ndiyo maana ukishajifunza iPhone moja, umezijua karibu zote. Android ukihama kutoka Tecno kwenda Samsung ni kama kuhamia nyumba yenye vyumba vilevile ila swichi za taa ziko ukuta mwingine. Utazipata, ila siku za mwanzo utapapasa.

Faida ya upande wa pili: Android ipo ya kila mfuko. iPhone ukitaka ya bei nafuu, maana yake ni ya zamani au iliyotumika. Na hapo ndipo ugumu mwingi unapozaliwa, tutafika.

1. KUPOKEA HELA: LAINI NGAPI ZINAINGIA?

Naanza na hili makusudi, kwa sababu watu huliwaza mwisho.

Wengi wetu tuna laini mbili. Moja ina M-Pesa, nyingine ina Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa. Mteja anaweza kutuma kutoka mtandao mwingine, lakini wengi wanauliza "una namba ya mtandao wangu?" kwa sababu ya makato. Ukisema huna, wengine wanapotea.

Android nyingi zinazouzwa huku zina sehemu ya laini mbili. Unaweka, zinawaka zote, meseji za malipo zinaingia zote. Hatua sifuri.

iPhone sikiliza vizuri:
- iPhone 8, iPhone X na zote za kabla yake: laini moja tu.
- Kuanzia XS na XR za 2018: laini moja ya kadi na moja ya eSIM, ile laini isiyo na kadi. Za laini mbili za kadi zipo, ila ni zile zilizotengenezwa kwa soko la China na Hong Kong.
- iPhone 14 kwenda juu zilizotoka Marekani: hazina kabisa sehemu ya kuweka laini. Ni eSIM tu.

Hiyo ya mwisho isome mara mbili. Mtu anaona simu inang'aa, bei imepungua, anatoa hela, anafika nyumbani anatafuta tundu la laini halipo. Simu ni nzima, haina tatizo. Ila itabidi aende duka la huduma la mtandao wake akabadilishiwe laini iwe eSIM, na sisi wa huku tunapanda basi kwa hilo.

Kuna dada anauza madera mtandaoni, alinunua iPhone 8 kwa ajili ya picha. Picha zikawa nzuri kweli. Lakini laini yake ya pili ikawa inakaa kwenye pochi, akitaka kuangalia hela anachomoa moja anaweka nyingine. Mteja anatuma saa nne asubuhi, yeye anaiona saa kumi jioni. Mteja aliyelipa halafu akakaa kimya masaa sita hasemi "simu yake ina laini moja". Anasema "nimetapeliwa". Tulimaliza kwa kitochi: laini ya pili ikakaa humo muda wote. Suluhisho ni zuri, ila sasa ana simu mbili za kuchaji.

Kuhusu menyu zenyewe usiwe na wasiwasi. *150*00# ya M-Pesa, *150*01# ya Mixx, *150*60# ya Airtel Money na *150*88# ya HaloPesa zinafunguka sawasawa kwenye simu zote, hata kitochi.

Kwenye hela: Android inaongoza kwa urahisi.

2. KUJIBU WATEJA: WHATSAPP BUSINESS

WhatsApp Business ilianza kwa Android Januari 2018, ikafika iPhone 2019. Leo kazi kubwa ni zilezile pande zote: katalogi, majibu ya haraka, lebo za wateja, ujumbe wa kujibu ukiwa haupo. Tofauti ni vinapokaa. Kwenye Android unagusa vidoti vitatu juu kulia. Kwenye iPhone unaenda kwenye mipangilio chini kulia. Siku mbili umeshazoea.

Ukitaka namba mbili kwenye simu moja, njia inayofanya kazi kote ni kuweka WhatsApp ya kawaida kwa ndugu na WhatsApp Business kwa wateja. Android tangu Oktoba 2023 inaruhusu pia akaunti mbili ndani ya WhatsApp moja.

Jambo la kuangalia ni umri wa simu. Tangu Mei 2025 WhatsApp inataka iPhone yenye iOS 15.1 kwenda juu. Kwa hiyo iPhone 5s, 6 na 6 Plus hazimo tena, maana haziwezi kupandishwa kufika huko. Bado zinauzwa mikononi mwa watu kwa bei ya kuvutia. Ukinunua hiyo kwa ajili ya biashara, umenunua kamera na tochi. Android nayo inatakiwa iwe 5.0 kwenda juu, na nyingi za miaka hii zimeshavuka hapo.

Kwenye kujibu wateja: sare, mradi simu si ya kale.

3. KUHAMA: HAPA NDIPO WATEJA WANAPOPOTEA

Hili ndilo la hatari kuliko yote, kwa hiyo tulia usome.

WhatsApp ya Android inahifadhi chelezo kwenye akaunti ya Google. Ya iPhone inahifadhi iCloud. Hizi mbili hazisomani. Mtu anahama kutoka Tecno kwenda iPhone, anaweka namba yake, anasubiri meseji zirudi kama zilivyokuwa zikirudi akibadili Tecno kwa Tecno. Hazirudi. Oda za nusu, anwani za mizigo, nani anadaiwa, nani alilipa, vyote vimebaki kule.

Njia ipo. Kutoka Android kwenda iPhone unatumia programu ya Apple inaitwa Move to iOS, na WhatsApp imeingizwa humo tangu 2022. Masharti yake:
- iPhone iwe mpya au imefutwa, ndiyo inaanza kuwashwa. Ukishaanza kuitumia umechelewa, labda uifute tena.
- Namba ya WhatsApp iwe ileile.
- Simu zote mbili ziwe kwenye chaji na kwenye mtandao mmoja wa wi-fi.

Kutoka iPhone kurudi Android unahitaji kebo ya kuunganisha simu kwa simu, na Android iwe imefutwa au mpya. Inakubali Samsung, Pixel na simu nyingine zenye Android 12 kwenda juu, ila si zote. Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza.

Na namba za wateja je? Wengi tumezoea kuhifadhi kwenye laini. Ukichomoa unaweka simu nyingine, majina yako nayo. iPhone inaweza kuyavuta majina kutoka kwenye laini, lakini haiwezi kuhifadhi jina jipya kwenye laini. Mteja utakayemwandika leo kwenye iPhone, ukichomoa laini kuweka kitochi kwa sababu chaji imeisha, hutamkuta.

Dawa ni moja kwa simu zote: hifadhi majina kwenye akaunti ya Google. Android inafanya hivyo yenyewe ukichagua. iPhone nayo inakubali, unaongeza akaunti ya Google kwenye mipangilio, unawasha Contacts, kisha unachagua majina mapya yaende huko. Fanya hivyo na hutakuwa mateka wa simu yoyote.

Nafasi ya bure: Google wanakupa GB 15, iCloud GB 5. Picha na video za bidhaa zinajaza GB 5 haraka, halafu chelezo inasimama bila wewe kujua. Kagua mara moja kwa wiki.

4. PICHA ZA BIDHAA

Hapa iPhone inastahili sifa yake. Unafungua kamera, unagusa, imetoka. Rangi inakaribia ya kweli na video haitikisiki sana. Android za bei kubwa nazo ziko hivyo. Za bei ya chini ndiyo zinahitaji mkono wako: baadhi zinakuja na mambo ya urembo yamewashwa, zinalainisha kila kitu. Kwa sura sawa. Kwa kitenge au samaki, mteja anapokea kitu chenye rangi tofauti na aliyoiona, na mzigo unarudi kwa nauli yako. Ingia kwenye kamera, zima urembo, piga nje kwenye kivuli, futa kioo cha kamera kwa kitambaa kikavu. Nusu ya tofauti inaisha hapo.

iPhone ina mtego mmoja mdogo. Tangu 2017 inahifadhi picha kwa aina inayoitwa HEIC. Ukituma WhatsApp hakuna shida. Ukiipeleka kwa kompyuta ya stesheni kuchapisha lebo, kuna kompyuta zinakataa kuifungua. Ingia Settings, kisha Camera, kisha Formats, chagua Most Compatible. Imeisha.

Na kwa zote mbili: WhatsApp inabana picha. Kabla ya kutuma gusa alama ya HD juu. Bando linaliwa zaidi kidogo, ila mteja anaona mishono.

5. VIDOLE NA LUGHA

Android ina njia ya kurudi nyuma inayofanya kazi kila mahali, iwe ni kitufe chini au kutelezesha kidole kutoka pembeni. iPhone mara nyingi unatelezesha kutoka kushoto, mara nyingine unatafuta alama ya kurudi juu kwenye kona. Mtu aliyetoka Android hili ndilo linalomkera wiki ya kwanza.

Lugha: Android unaweza kuiweka Kiswahili mfumo mzima. iPhone kibodi ya Kiswahili ipo, ila menyu za mfumo wenyewe hazina Kiswahili. Kama unamwachia duka mama yako au msaidizi asiyekimbizana na Kiingereza, hili si dogo.

Kufungua simu: sisi wa samaki mikono inakuwa na maji na magamba, alama ya kidole inagoma. iPhone X na nyingi zilizofuata zinafungua kwa uso. Android zinazofungua kwa uso zipo nyingi, ila za bei ya chini zinatumia picha ya kawaida, ni rahisi kudanganywa. Kwa simu yenye hela weka namba ya siri, na programu za pesa ziwe na namba yake tofauti.

6. CHAJI, KEBO NA FUNDI

Tunaishi kando ya bwawa lenye mitambo ya megawati 80, na bado umeme ukikatika tunakimbizana na paawabanki kama wengine. Kwa hiyo kebo ni suala la biashara.

iPhone hadi ya 14 zinatumia kebo ya Lightning. Kuanzia iPhone 15 ya 2023 zimehamia Type-C, sawa na Android nyingi za sasa. Ukiwa kwenye basi la Iringa chaji imeisha, Type-C utaazimwa na jirani. Lightning utabeba yako.

Kadi ya memori: iPhone haijawahi kuwa nayo. Android nyingi zinayo, na kwa mwenye video za bidhaa nyingi ni ukombozi wa bei rahisi.

Fundi: kioo cha Tecno, Infinix au Samsung ndogo mafundi wengi wa senta wanakipata haraka. Cha iPhone mara nyingi kinaagizwa mjini. Siku mbili bila simu ni siku mbili bila oda.

7. KAMA UNANUNUA ILIYOTUMIKA

Simu iliyofungwa na akaunti ya mwenyewe wa zamani haifunguki kwa maneno. iPhone ina kufuli ya iCloud tangu 2013, Android ina ya Google tangu 2015. Kwa hiyo kabla hela haijatoka mkononi:
- Mwambie muuzaji atoe akaunti yake mbele yako, aifute simu, iwashwe upya mbele yako. Ikiuliza barua pepe ya mtu mwingine, rudisha.
- Bonyeza *#06# uone IMEI, itume kwenda 15090 uone kama jina linalorudi ni la simu hiyo. TCRA walishazima simu bandia Juni 2016, wakati ule watu walilala na simu wakaamka na matofali.
- iPhone ingia Settings, Battery, Battery Health. Ikiwa asilimia iko chini sana, hesabu na bei ya betri.
- Weka laini zako zote mbili, piga, pokea, fungua menyu ya pesa.

NJIA YA KATI WENGI HAWAIJUI

Huhitaji kuhama ili ufaidi kamera ya iPhone. Tangu Aprili 2023 WhatsApp inakubali simu nyingine ziunganishwe kwenye akaunti moja, hadi vifaa vinne mbali na simu kuu, na Business imo. Haijalishi ni Android au iPhone. Kwenye simu ya pili, pale inapouliza namba, chagua kuunganisha na akaunti iliyopo, kisha simu kuu iskani ile alama.

Maana yake: Android yako ya laini mbili inabaki simu kuu ya hela na wateja. iPhone, hata ya laini moja, inapiga picha na kujibu. Au msaidizi wako anajibu kwa simu yake mwenyewe. Kumbuka tu kufungua WhatsApp kwenye simu kuu, ikikaa zaidi ya siku 14 bila kuguswa zile nyingine zinatoka.

SASA NANI ACHUKUE IPI?

Ndiyo unaanza, simu ni moja, laini mbili, bajeti ndogo: Android mpya. Ongeza hela kwenye memori na chaji kabla ya kuongeza kwenye jina.

Unauza nguo, vipodozi au vitu vinavyouzwa na picha, na tayari una simu ya hela pembeni: iPhone itakusaidia, XR kwenda juu, na ujue imetoka soko gani.

Tayari una simu inayofanya kazi na wateja wanakupata: usihame kwa sababu ya macho ya watu. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza samaki nimewapiga picha kwa simu gani. Wanauliza bei, wanauliza lini anafika, na wanataka kujibiwa.

Kabla hujanunua fanya jaribio hili dogo. Azima simu ya aina unayoitaka dakika kumi. Piga picha ya bidhaa, itume WhatsApp, andika bei, fungua menyu ya pesa, tafuta meseji ya malipo, rudi kwa mteja umwambie "nimepokea". Hesabu umegusa mara ngapi na umekwama wapi. Fanya hivyohivyo kwa simu yako ya sasa. Namba itakayotoka ndiyo jibu lako.

Una simu umekwama nayo? Andika hapo chini aina yake na kazi inayokushinda. Nikifunga duka jioni nitapitia moja moja. Biashara njema.